Mtumiaji Namba Kumi na Tisa

Kwenye jedwali langu ana mstari wake mmoja:
Igombe, darasa la sita, namba kumi na tisa.
Programu inasema imekwisha kumjua.
Alfajiri ni hodari wa sehemu,
robo na theluthi anazikata kama sabuni ya mche.
Saa tisa mchana hajui hata tatu mara nne,
anabonyeza chura tu, chura aruke.
Usiku, kijiji kikilala, akili inamrudia:
maswali ya sayansi ya madarasa ya mbele
anayajibu bila kukosea herufi.

Programu haikukasirika. Ikampandisha, ikamshusha,
ikamchongea njia yake peke yake,
kama fundi cherehani anayempima mteja
na kila akirudi na futi kamba, kifua kimebadilika.

Profesa kaandika pembeni, wino mwekundu:
Huyu anaharibu mchoro. Mtoe.

Sikumtoa. Nilichukua bodaboda mpaka Igombe,
dodoso zangu ndani ya mfuko wa nailoni.
Dagaa wameanikwa mpaka mlangoni,
nikapita upande upande kama kaa nisiwakanyage.
Nilimuuliza mwanamke mmoja, akanyoosha mdomo:
pale, nyuma ya kibanda cha kuchajia.

Simu ni moja.
Kioo kimepasuka pale pale nyota zinapohesabiwa.

Alfajiri inashikwa na Minza, miaka kumi na miwili,
amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mpaka mnunuzi wa Kirumba apige kuuliza bei.
Mtihani unakatika katikati ya theluthi.
Kwangu mjini imeandikwa: Mwanafunzi ameacha. Motisha ndogo.

Saa tisa ni Shija, miaka saba, bwana wa chura.
Ndiye aliyeniuliza, macho makavu:
"Hizi nyota mia nne na kumi, wakala anazitoa?"
Nikasema hazitoleki.
"Sasa za nini?"
Za kukupa moyo, nikasema,
akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji ya pipi.

Na usiku?
Watoto wakatazamana. Mama yao, Ng'wasi,
akawa ghafla na kazi nyingi ya kugeuza dagaa.
"Mimi nazima tu," akasema. "Wanasahau kuzima."
Akageuza safu nzima. Akarudi.
"Niliishia kidato cha pili.
Lile la usanisinuru nalijua."
Alilitamka taratibu, usanisinuru,
kama jina la mtu aliyewahi kumwandikia barua.

Wiki iliyopita simu ilipiga ngoma yenyewe,
medali ikashuka: Bingwa wa Wiki.
Walibishana mpaka ugali ukapoa.
Mwisho Ng'wasi akaamua: iwe ya nyumba.
Hakuna aliyeniambia hayo kwa fahari,
waliniambia kama watu wanaoungama,
wakidhani nimekuja kuichukua.

Nimerudi chumbani kwangu, Mabatini,
jiwe la jirani limekaa dirishani kama ng'ombe.
Kisanduku cha umri kinakubali namba moja tu.
Saba, kumi na mbili, thelathini na nne.
Nimejumlisha, nimegawa kwa tatu:
kumi na saba na theluthi mbili.
Hiyo theluthi Minza angeicheka.
Ni umri wa mtu asiyekuwepo,
au wa msichana fulani wa kidato cha nne
ambaye hakufika kwenye chumba cha mtihani.

Nimeweka kidole kwenye kufuta. Nimekiondoa.
Profesa atauliza, nami sijui nitajibu nini;
jedwali halina safu ya nyumba.

Saa kumi na moja na dakika arobaini
nukta ya kijani inawaka: namba kumi na tisa ameingia.
Swali la kwanza, sahihi. La pili, sahihi.
La tatu linakatika.

Ameacha, inaandika programu.
Nami nageukia ukuta, nikitumaini
mnunuzi wa Kirumba leo ametaja bei nzuri.